Torvill na Dean: Je, Walidhulumiwa?

Usiku mmoja wa Februari 1994 nilikuwa nimekaa sebuleni kwa mama mmoja wa Kiingereza aliyenipangisha chumba, sote wawili tumekodolea macho televisheni. Huko Hamar, nchini Norway, Jayne Torvill na Christopher Dean walikuwa wamemaliza dansi yao katika Michezo ya Olimpiki ya Lillehammer, na umati ulikuwa bado unawapigia makofi. Kisha alama zikatoka, na hesabu ilipokamilika wakawa wamepata medali ya shaba. Mama yule alitupa sindano zake za kufumia akasema, "Wameibiwa!" Nami, ambaye maishani mwangu sikuwa nimekanyaga barafu hata kwa kujaribu, nikaitikia, "Wameibiwa, mama, mchana kweupe." Tukaenda kulala na hasira zetu.

Kwa miaka mingi niliisimulia habari hiyo kama mfano wa dhuluma. Mtu akilalamika kwamba amenyimwa haki yake kwenye usaili au kwenye mashindano yoyote, nilimwambia: tazama yaliyowapata Torvill na Dean. Siku hizi picha za zamani zinapatikana kwa urahisi, nami nimezitazama tena dansi zao, ile ya 1984 na ile ya 1994, mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri. Nimebadili mawazo. Naona ni wajibu wangu kueleza kwa nini, maana aliyeeneza hukumu kwa sauti kubwa asiitengue kwa kunong'ona.

Kwanza, msomaji ambaye hakubahatika kuuona mchezo huu anahitaji maelezo kidogo. Dansi ya kwenye barafu huchezwa na mwanamume na mwanamke waliovaa viatu vyenye vyuma vyembamba chini ya nyayo. Ina ndugu yake, mchezo wa jozi, ambamo mwanamume humrusha mwenzake hewani na kumnyanyua juu ya kichwa. Katika dansi, mambo hayo yalikatazwa. Wakati wa Torvill na Dean mikono ya mwanamume haikuruhusiwa kupita mabega yake anapomnyanyua mwenzake, na wawili hao hawakuruhusiwa kuachana kwa muda mrefu. Kilichobaki ni miguu, mwili, muziki, na namna watu wawili wanavyokaa karibu. Mchezo huu uliingizwa katika Olimpiki mwaka 1976. Majaji 9 walitoa alama mbili kila mmoja, moja ya ufundi na moja ya usanii, na alama ya juu kabisa ilikuwa 6.0. Mashindano yalikuwa na sehemu tatu: dansi za lazima ambazo wote huzicheza kwa hatua zilezile, kisha dansi ya mahadhi yaliyopangwa na wakuu wa mchezo, na mwisho dansi huru ya dakika 4, ambayo wachezaji huitunga watakavyo, ilimradi wasivuke mipaka.

Torvill na Dean walitoka Nottingham, mji wa katikati ya Uingereza. Torvill alikuwa karani wa kampuni ya bima, na Dean alikuwa polisi. Walianza kucheza pamoja mwaka 1975, kila mmoja akiwa ameshacheza na mwenzi mwingine kabla ya hapo. Walifanya mazoezi saa ambazo watu wengine wamelala, kwa kufuata zamu za Dean za kituoni. Mwaka 1980, kwenye Olimpiki ya Lake Placid, walishika nafasi ya 5. Mwaka huohuo waliacha kazi zao, na baadaye halmashauri ya jiji lao ikaanza kuwapa msaada wa pauni 14,000 kwa mwaka. Wazee wetu husema mcheza kwao hutunzwa. Nottingham iliwatunza, nao wakalipa: waliutwaa ubingwa wa dunia mwaka 1981, na hawakuuachia tena hadi walipoondoka katika mashindano hayo mwaka 1984.

Lakini medali ni hesabu tu, na hesabu haimwambii mtu kwa nini alie. Ubora wao ulikuwa katika jambo moja ambalo kwa wenzao lilionekana geni. Desturi ya dansi huru wakati ule ilikuwa kuunganisha vipande vitatu au vinne vya muziki visivyohusiana: cha kasi, cha polepole, kisha cha kasi tena, ili majaji waone kwamba mchezaji anaweza kila kitu. Ilikuwa kama mtu anayepita sokoni akionja kila kapu. Mwaka 1982 Torvill na Dean walicheza utangulizi wa mchezo wa muziki wa "Mack and Mabel" kama kitu kimoja chenye mwanzo na mwisho. Mwaka 1983 walicheza "Barnum", hadithi ya sarakasi, wakisaidiwa na mwigizaji Michael Crawford aliyekuwa akiigiza mchezo huo London, na huko Helsinki majaji wote 9 waliwapa 6.0 kwa usanii. Kutoka hapo walifika Sarajevo.

Tarehe 14 Februari 1984, katika ukumbi wa Zetra, walicheza "Boléro" ya Maurice Ravel. Muziki huu wa mwaka 1928 ni wa ajabu kwa ukaidi wake. Ngoma ndogo inapiga mdundo mmoja tangu mwanzo, wimbo uleule unarudiwa na ala moja baada ya nyingine, na kinachobadilika ni sauti inayozidi kupanda tu. Kwa mchezo uliopenda kasi na utulivu kupokezana, kuchagua muziki wenye mwendo mmoja ilikuwa kama kwenda vitani na mshale mmoja. Tena ulikuwa mrefu mno. Wataalamu waliukata na kuukata tena, ukagoma kwenye dakika 4 na sekunde 28. Sheria iliruhusu dakika 4 na nyongeza ya sekunde 10, basi. Sekunde 18 zilikuwa hazina mahali.

Hapa ndipo penye siri ya dansi nzima. Sheria ilisema muda unahesabiwa tangu mchezaji anapoanza kuteleza, yaani chuma cha kiatu kinapoigusa barafu. Basi walianza wakiwa wamepiga magoti. Wametazamana, mavazi yao ya zambarau yakiwafunika kama moshi, nao wanayumba, mikono inapita kichwani na shingoni, mwili mmoja ukijibu mwingine, na vyuma vya viatu vyao havijaanza kazi. Saa ya majaji imesimama. Muziki unakwenda. Anapotazama mtu asiyejua sheria, haoni ujanja wowote. Anaona wapenzi wawili ambao bado hawajapata ujasiri wa kuinuka. Na wanapoinuka, anahisi kwamba walilazimika kuinuka.

Nimekuwa nikiipima dansi hii kwa jicho kali kuliko nilivyofanya zamani, na ina dosari. Hadithi yake, ya wapenzi wasioweza kuwa pamoja ambao wanapanda mlima wa volkeno ili wafe, haimo katika hatua zenyewe; bila mtangazaji kukueleza, huwezi kuijua. Katikati pana mahali ambapo Dean ananyanyua na kuzungusha kwa namna tuliyokwisha kuiona nusu dakika kabla. Lakini inabebwa na mambo mawili. La kwanza ni kupanda: kila kinachofuata ni kikubwa kidogo kuliko kilichotangulia, hadi wanapoanguka kifudifudi kwenye barafu, na anguko lile linakuja kwenye pigo la mwisho bila kuwahi wala kuchelewa. La pili ni Torvill. Sifa za utunzi hupewa Dean, na ni haki yake. Lakini utunzi wa namna hii unahitaji mtu ambaye anapinduliwa, anabebwa, anatupwa nyuma, na uso wake haubadiliki hata mara moja kuwa uso wa mtu anayejishika asianguke. Tazama magoti yake yanavyokunjika kila anaporudishwa chini: hakuna kishindo, chuma kinaipokea barafu kama kijiko kinavyoingia kwenye uji. Dean anaonekana kuwa ndiye anayeongoza. Ukitazama mara ya tano utagundua kwamba mara nyingi yeye ndiye anayemfuata Torvill kwa macho ili ajue amefika wapi.

Majaji wote 9 waliwapa 6.0 kwa usanii, na watatu kati yao wakawapa 6.0 kwa ufundi pia.

Sisi tuliokulia katika Kiswahili tuna njia yetu ya kulielewa jambo hili. Kuanzia miaka ya 1970, hasa baada ya Euphrase Kezilahabi kuchapisha "Kichomi" mwaka 1974, washairi wetu waligombana sana kuhusu vina na mizani. Upande mmoja ulisema shairi lisilo na arudhi si shairi. Upande wa pili ukasema arudhi ni pingu. Katika ugomvi ule ilikuwa rahisi kumsahau mshairi wa aina ya tatu, yule ambaye kina kinamlazimisha atafute neno ambalo asingelifikiria, na neno hilo ndilo linalolifanya shairi liishi. Sekunde 18 za magoti ni kina cha namna hiyo. Laiti sheria ingeruhusu dakika 4 na nusu, wangeanza wima kama wengine, na sehemu ambayo dunia inaikumbuka zaidi isingekuwapo.

Baada ya kutwaa ubingwa wa dunia kwa mara ya nne mwaka huohuo, walikwenda kucheza kwa malipo. Sheria za wakati ule hazikumruhusu mtu wa namna hiyo kurudi kwenye Olimpiki. Lakini mfano wao ulibaki nyuma yao. Wachezaji wengi walianza kutafuta hadithi, huzuni na mavazi yanayopepea. Waliokwenda mbali zaidi ni ndugu wawili waliochezea Ufaransa, Isabelle na Paul Duchesnay, ambao dansi zao zilitungwa na Dean mwenyewe. Walikuwa mabingwa wa dunia mwaka 1991 na wakapata fedha kwenye Olimpiki ya Albertville mwaka 1992. Wengi waliwapenda. Wakuu wa mchezo walianza kuuliza: hii bado ni dansi, au ni tamthilia yenye viatu vya chuma? Baada ya Albertville sheria zikakazwa. Muziki wa dansi huru ulitakiwa uwe wa kuchezeka kwenye sakafu ya kawaida ya dansi, na miguu irudi kuwa ndiyo kipimo.

Msomaji tafadhali liweke jambo hili akilini, kwa sababu mimi na mama mwenye nyumba hatukulijua usiku ule. Sheria zilizowasubiri Torvill na Dean mwaka 1994 hazikutungwa na maadui wao. Zilikuwa jibu kwa mafanikio yao. Walikuwa wamebomoa ukuta, nyumba ikaingia upepo, wenye nyumba wakajenga ukuta mpya mnene zaidi, na baada ya miaka 10 wabomoaji wakarudi kupiga hodi.

Waliweza kurudi kwa kuwa mlango ulifunguliwa kwa muda kwa wachezaji wa kulipwa. Torvill alikuwa na umri wa miaka 36 na Dean 35. Januari 1994, huko Copenhagen, walitwaa ubingwa wa Ulaya, lakini kwa hesabu za nafasi tu. Dansi huru ilichukuliwa na Warusi wawili, Oksana Gritschuk na Evgeny Platov. Torvill na Dean walielewa ujumbe. Katika wiki chache zilizobaki kabla ya Olimpiki waliifumua dansi yao huru na kuishona upya kwa sehemu kubwa, wakiongeza vitendo vya kuwafurahisha watazamaji na majaji.

Kabla sijaizungumzia dansi hiyo, haki inanidai niseme habari ya rumba. Mahadhi yaliyopangwa mwaka ule yalikuwa rumba, na kasi yake ilipangwa pia. Hapakuwa na nafasi ya hadithi. Wao walicheza rumba ndogo, ya karibu, ambamo bega linageuka tu na unaona kwamba ugomvi umekwisha. Hawakukimbia. Hawakuomba makofi. Huo ulikuwa ukumbi ambamo wachezaji wengine walionyesha mapenzi kwa kurusha vichwa nyuma na kufumba macho. Hawa walitazamana kama watu waliokula meza moja kwa miaka 20, na kwa hakika ndivyo walivyokuwa. Walishinda sehemu hiyo, na sijamsikia mtu akilalamika. Kwa maoni yangu rumba ile ndiyo kazi yao bora ya mwaka 1994, na sababu ni ileile ya magoti ya Sarajevo: sheria ilibana, wao wakatafuta ndani ya mbano ule kitu ambacho hakuna aliyekuwa amekiona.

Dansi huru ilikuwa jambo tofauti. Walichagua "Let's Face the Music and Dance", wimbo wa Irving Berlin uliojulikana kwa dansi ya Fred Astaire na Ginger Rogers katika sinema ya mwaka 1936. Chaguo lilikuwa la busara kupita kiasi. Wakuu wanataka dansi ya sakafuni? Hii hapa, tena ya wafalme wa dansi ya sakafuni. Lakini ndani ya vazi hilo walitia vipande vya kazi zao za zamani: unatambua mnyanyuo huu, unatambua mzunguko ule. Mwishoni Torvill anapinduka juu ya Dean kwa kitendo kilichofanya ukumbi ulipuke, na ambacho baadaye kilizua mjadala kama kilikuwa halali. Nilipokuwa sebuleni mwaka ule niliona sherehe. Sasa naona watu wawili wenye akili nyingi wakijaribu kukisia majaji wanataka nini. Kila sehemu ni nzuri, sehemu hazisukumani. Ukiondoa moja ya katikati, hutaikosa. Katika Boléro huwezi kuondoa hata sekunde moja, na tena tumeona jinsi sekunde zilivyokataa kuondoka.

Gritschuk na Platov walicheza roki ya miaka ya 1950. Niliwadharau usiku ule: niliona kelele, na msichana wa miaka 21 anayetabasamu sana. Kutabasamu bado naona kulizidi. Lakini nilipoacha kutazama nyuso nikatazama miguu, niliaibika. Walikuwa na kasi ambayo Torvill na Dean hawakuwa nayo tena, na katika kasi hiyo miguu minne ilikanyaga kama miwili, wakiwa wamekaribiana kiasi kwamba kosa la sentimita chache lingewaangusha wote. Sheria mpya ilisema miguu ndiyo kipimo. Wao walileta miguu. Warusi wengine, Maya Usova na Alexander Zhulin, wakapata fedha. Kwa dansi huru peke yake Torvill na Dean walikuwa wa tatu, na leo nikipewa karatasi ya jaji, nadhani ningewaweka palepale, au nafasi moja juu ya hapo, si zaidi.

Sisemi kwamba majaji wa mchezo huu walikuwa malaika. Mwaka 2002, huko Salt Lake City, kashfa ya jaji wa Ufaransa katika mchezo wa jozi iliwalazimisha wakuu kutoa medali mbili za dhahabu, na miaka michache baadaye alama ya 6.0 yenyewe ikaachwa. Mwenye shaka ana sababu ya kuwa na shaka. Lakini shaka ya jumla haitoshi kuwa ushahidi wa kesi moja. Magazeti ya Uingereza mwaka ule yalilia dhuluma kwa wiki nzima, na mwamba ngoma ngozi huivuta kwake. Mimi sikuwa Mwingereza, nami niliivuta ngozi hiyohiyo. Nilikuwa mgeni katika nchi ya baridi. Walionivutia walikuwa karani na polisi waliopanda hadi juu kwa kazi ya mikono yao, na nilitaka dunia iwe na haki angalau kwao. Nililia kwa ajili yangu nikidhani ninawalilia wao.

Tena usiku uleule palikuwa na dhuluma ya kweli ambayo sisi wawili sebuleni tuliipita kwa kasi. Sarajevo ilikuwa imezingirwa tangu Aprili 1992. Tarehe 5 Februari 1994, wiki moja kabla ya michezo ya Lillehammer kufunguliwa, kombora liliangukia soko la Markale na kuua watu 68. Ukumbi wa Zetra, mahali wapenzi wa Boléro walipopigia magoti, ulikuwa umeshambuliwa na kuharibiwa. Mbao za viti vyake zilitengenezewa majeneza, na viwanja vya karibu vikawa makaburi. Tulionyeshwa hayo katika habari, tukasikitika, kisha tukatoa neno "wameibiwa" kwa ajili ya medali. Neno hilo nalionea haya.

Ukumbi ulijengwa upya ukafunguliwa mwaka 1999. Februari 2014, miaka 30 baada ya siku yao, Torvill na Dean walirudi wakaicheza Boléro palepale. Torvill alikuwa na miaka 56. Hapakuwa na jaji, na minyanyuo ilikuwa imepunguzwa. Walianza kwa magoti kama zamani, ingawa hapakuwa na saa ya kukwepa wala mtu wa kuhesabu sekunde 18. Kwa mtu anayependa kuchambua, huo ndio uthibitisho. Kilichozaliwa kwa kukwepa sheria kilikuwa kimekuwa dansi yenyewe, na sheria ilipokwisha kazi yake, kilibaki. Mwaka 2025 walifanya ziara yao ya mwisho, kisha wakavivua viatu.

Ningekutana tena na mama yule mwenye nyumba, ningemwambia: hawakuibiwa, mama. Mwaka 1984 walicheza walichokiamini, wakaitafutia sheria mahali pa kukaa. Mwaka 1994 walianza na sheria, wakajitafutia mahali pa kukaa, na nafasi iliyobaki ilikuwa ya tatu. Naamini angebisha. Alikuwa mbishi, na chai yake ilikuwa nzuri. Ningemwachia abishe hadi birika lipoe, kisha ningemwomba tuitazame tena ile rumba.